Mwanamke wa Somo la Reem

Al-Naseem, Jumatano

Namwonea wivu mtu aliyekufa zamani. Nikimwambia mtu atanicheka.

Leo Reem, binti wa madam, alikuwa akimsomea mamake somo lake la historia, nami nawamiminia kahawa. Ni habari za mwanamke mmoja mtumwa wa Amerika. Aliwasikia wakubwa wake wakisema mezani kwamba kila mtu huzaliwa huru. Basi akatoka, akatafuta wakili, akampeleka bwana aliyemmiliki kortini, na korti ikamwacha huru.

Akatoka. Hivyo tu. Mimi hata nikipeleka takataka nje kuna mtu ananingoja mlangoni, na pasipoti yangu madam ameifungia kabatini. Yule alikuwa mtumwa, na mimi nina kandarasi.

Nilidhani madam ataniangalia, hata kidogo. Aliuliza tu, "Sasa nani alibaki kuwapikia?"

Reem hakujua.

Mimi najua. Kuna mwenzake alibaki jikoni anaosha vikombe, roho ikimuuma vile yangu inaniuma usiku huu. Habari za huyo hakuna mtoto anazisoma shuleni.