Salamu za Mama Kadzo

Jumatatu, tarehe 3
Kliniki, Changamwe. Foleni imefika getini tena. Mfumo wa kadi za wagonjwa niliutengeneza mwenyewe, na kwenye laptopu yangu ni kufumba na kufumbua: andika jina, kadi hii hapa. Kwa Mama Kadzo, karani wa mapokezi, watu wanasubiri hadi wanachoka. Nimemtazama kwa mbali akimsalimu kila mgonjwa. Hujambo, watoto je, na mamako mguu umepoa? Ukoo mzima! Meneja akaniuliza tatizo ni nini. Nimemwandikia: karani, salamu zimezidi.

Jumanne, tarehe 4
Barua ya kumwachisha kazi imeshapigwa chapa. Atapewa Ijumaa. Miaka kumi na minne pale dirishani, na mwenyewe hana habari. Nimejitia hamnazo. Saa nne akaniletea mahamri. Nikayaacha mezani.

Jumatano, tarehe 5
Roho ilinisuta. Nikaenda kuketi kando yake. Lo! Anaandika jina kwanza, ndipo anasalimu. Nikamuuliza mbona hivyo.

"Mwanangu, hiki kidude chako chazunguka weee. Nikinyamaza, watu wanitukane. Si bora niwaulize habari za nyumbani?"

Kumbe anaziba pengo la mashine. Mjinga ni mimi. Laptopu yangu inaendeshwa na Linux, mashine yake inaendeshwa na Windows, na sikuwahi kukaa kwenye kiti chake hata siku moja kuona.

Alhamisi, tarehe 6
Nimejaribu mashine zote mbili, data ileile, jina lilelile: yake bado inazunguka. Nikaongeza memori. Wapi! Nikaweka Linux kwenye mashine kuukuu ya stoo, kadi ikaja papo hapo. Mashine iliyojaa vumbi! Basi kasoro iko ndani ya Windows. Kesho Ijumaa.

Saa nane nikafungua orodha ya programu zinazofanya kazi, nikamwomba Mama Kadzo atafute jina. Kila akibonyeza, antivairasi inaamka, inakagua mafaili yote ya kadi, ndipo inayaachia. Nani aliyeiweka? Mimi, mwaka jana, flashi ya mtu ilipotuletea virusi. Kwenye Linux sikuiweka. Nikaiamuru isiguse folda ya kadi, ila iendelee kukagua flashi.

Kadi ikafunguka papo hapo. Mama Kadzo akashtuka: "Ala! Imeharibika?"

Ijumaa, tarehe 7
Kwa meneja asubuhi. Kosa ni langu, si la karani. Amenifokea mlango ukiwa wazi. Nimestahili. Barua ameichana mbele yangu.

Jumatatu, tarehe 10
Foleni imekwisha kabla ya chai. Nimemweleza Mama Kadzo kila kitu, hata nilichomwandikia meneja. Sikuweza kumtazama usoni. Kadi ya mgonjwa wa mwisho ilikuwa imeshafunguka, hakuna kilichokuwa kinazunguka.

Kisha akaniuliza habari za nyumbani. Na mamangu, hajambo?

Nikamjibu yote, taratibu.