Kitambaa Walichombandika Baba

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Mikumi kwa shangazi, maana Baba naye amepata kidonda mguuni, na ni sukari ileile iliyokusumbua wewe. Alichomwa na kisiki shambani, akanyamaza, mpaka shangazi akasikia harufu.

Nilipomfikisha zahanati, nesi alisafisha kidonda, akafungua pakiti yenye kitambaa cheupe, laini kama pamba. Mama, nilisogea nikitazame. Kilikuwa kama kile ulichokikataa hospitalini Kilosa. Nakuona bado ulivyouvuta mguu, ukamuuliza daktari, "Hiki kimetokana na mnyama gani?" Akacheka. "Mama, hii ni dawa tu, usiwe na wasiwasi." Ukauliza tena, akatoka. Ukaninong'oneza, "Huyu anaficha kitu. Nguruwe haniingii mwilini nikiwa na akili zangu." Tukarudi nyumbani Mabwerebwere na bandeji ya kawaida. Kidonda kikapanda, sumu ikaingia kwenye damu, na wewe...

Basi nikamshika nesi mkono, nikauliza swali lako. Akajibu hapohapo: "Ni mwani, dada, yale majani ya baharini. Kikilowa kinakuwa kama ute, hakigandi kwenye kidonda."

Jibu lilikuja haraka mno. Nikajisemea, huyu ameona ushungi wangu, ananipa ninachotaka kusikia. Nikamwomba kipande. Alinitazama kama nimechanganyikiwa, lakini akanikatia.

Nikatoka nje na kiberiti. Si ulinifundisha mwenyewe kubabua vichwa vya mbuzi, enzi ukiuza supu? Ngozi na nywele zikiungua, harufu haijifichi. Kile kitambaa hakikushika moto vizuri, kilijikunja tu kikawa cheusi. Nikanusa. Harufu ya karatasi. Nikachoma kilichobaki, nikanusa mpaka pua ikawasha. Karatasi tu.

Nikarudi ndani, nikasema, "Mbandike." Baba akaniuliza, "Mama yako angekubali?" Nikamshikilia mguu, nesi akabandika.

Sasa kidonda kinajaa nyama nyekundu, safi. Ijumaa alikwenda msikitini mwenyewe, akichechemea. Hata hivyo kila wakibadilisha kitambaa mimi nipo pale, nainama, nakagua, nanusa. Nesi ameshanizoea. "Mkaguzi amefika," anasema.

Lakini kitambaa chako ndicho kinachonisumbua, Mama. Nilipita Kilosa kuuliza kilikuwa kitu gani. Yule daktari alishahamishwa. Aliyepo akaniambia kwa upole kwamba vitambaa hivyo viko vya aina nyingi: vingine vya mwani, vingine vya ngozi ya ng'ombe, na ndiyo, vingine vya nguruwe. Cha kwako hakuna anayekikumbuka.

Kwa hiyo huenda ulikuwa sahihi. Au huenda umekufa kwa kukataa majani ya baharini. Nalala na hilo, naamka nalo. Na siku hizi nashuku jambo jingine: kwamba hata yule daktari hakujua, ndiyo maana alicheka.

Pumzika, Mama yangu. Mungu akuangazie kaburi lako. Nakuahidi, mgonjwa wetu yeyote akiuliza, nitasimama mlangoni mpaka ajibiwe. Na Baba akipona nitamleta kukuzuru. Gari litatushusha barabarani, na kutoka hapo atakuja kwa miguu yake.

Mwanao,
Zuhura