Nyayo za unga wa mahindi

Leicester. Jumapili, siku ya Diwali. Manyunyu tangu asubuhi, na giza linaingia kabla hata chai ya jioni haijachemka.

Nimeamka na hasira ndogo, ile ya uzeeni isiyo na pa kwenda. Chanzo chake ni stika.

Bina, mke wa mwanangu, amenunua nyayo za Lakshmi za plastiki, nyekundu, za kubandika sakafuni. Mungu wetu wa kike wa neema, anayeingia majumbani siku ya sikukuu ya taa, mwaka huu aingie kwa gundi. Bina hana ubaya. Ana zulia jipya, na kina mama wa hekaluni wamemwambia kwamba jinsi ninavyotaka mimi si desturi ya Wahindi wa mahali popote.

Wanasema kweli.

Nimesoma sana kuhusu India, nchi ambamo sikuzaliwa wala kulelewa. Nimesoma kwamba mafundi wa kale walichonga nyayo za Buddha kwenye mawe muda mrefu kabla ya mtu kuthubutu kuchonga uso wake. Niliwahi kusimama mbele ya jiwe kama hilo katika jumba la makumbusho, nyayo mbili pana zenye gurudumu katikati, hadi mlinzi akaniuliza kama najisikia vizuri. Nimesoma juu ya wanawake wanaochora kwa unga wa mchele mlangoni kila alfajiri, sanaa inayoliwa na chungu kabla ya adhuhuri. Lakini desturi ya kwetu haimo vitabuni. Ilianzia Kitui, kwenye baraza la duka la baba.

Ilikuwa miaka ya sitini, nami nikiwa msichana wa shule. Mvua ilikuwa imekataa. Baba aliuza leso, misumari na mafuta ya taa, na wateja walikuwa wachache kiasi kwamba alianza kuzungumzia kuuza duka tuhame. Barazani alishonea Mwikali, fundi pekee wa kike niliyemjua mjini, huku binti yake mdogo, Kavata, akicheza na vipande vya vitambaa chini ya cherehani.

Usiku wa kuamkia Diwali, mama hakupata mchele wa kusaga. Akatumia unga wa mahindi. Alilowesha ngumi, akachovya ubavu wa ngumi hiyo kwenye unga, akaugonga kwenye saruji: unyayo. Kisha ncha za vidole, ndivyo vidole vya mguu. Akaendelea hivyo toka barazani hadi ndani ya duka, maana Lakshmi lazima aonekane akiingia.

Asubuhi Mwikali alifika kwanza, akafagia mahali pake pa kazi kama kawaida.

"Mama Hansa!" alimwita mama kwa jina langu, kwa furaha ya mtu aliyefanya jema. "Kuna mtoto ana tabia hapa! Amekanyaga unga akatembea nao mpaka dukani. Na njaa hii! Nimefagia wote, nimepatia kuku."

Mama alikaa juu ya gunia la sukari akalia.

Tulidhani analilia unga. Alikuwa ameweka tumaini lake lote katika asubuhi ile, kwamba neema ikiingia, baba hatauza duka. Sasa neema ilikuwa imefika mlangoni, ikafagiliwa, ikaliwa na kuku. Alimweleza Mwikali kwa Kikamba, lugha aliyoijua kuliko Kiswahili, na Mwikali akasikiliza akiwa ameshika mdomo.

Mwikali alikuwa mtu wa kanisa, wa kushona akiimba nyimbo za Jumapili. Nilimwona akipambana na nafsi yake.

"Mimi, Mama Hansa, miungu sichori," akasema mwishowe. "Mchungaji atanila mzima. Lakini mtoto wangu akitembea, ametembea tu."

Akamchukua Kavata, akamlowesha miguu, akamkanyagisha unga. Akamshika makwapani, akamtembeza toka barazani hadi kwenye kaunta. Kavata alicheka njia nzima, na nyuma yake zikabaki nyayo zenye vidole vya kweli, kimoja kimepinda kidogo.

Baba aliinama kuziangalia. "Miaka yote tunamngoja atoke Gujarat," akasema, "kumbe yuko hapa kwa fundi."

"Na huyu wa kwetu anataka peremende," Mwikali akamjibu.

Mama akacheka na machozi yake usoni.

Sitasema mvua ilinyesha kwa ajili ya Kavata. Ilinyesha kwa sababu ilikuwa Novemba. Lakini baba hakuuza, na mama hakuchora kwa ngumi tena. Kila Diwali aliita mtoto: Kavata, kisha mdogo wake, kisha wa jirani. Tulipoondoka kuja huku Leicester miaka ya themanini, neno nyayo lilikuwa limekuwa la siasa, wito wa rais wa kufuata nyayo za aliyemtangulia, hadi kwenye pakiti za maziwa ya shule. Mama akiona pakiti alisema, "Hizi ni za Kavata."

Mama hayupo. Kaka zangu hawapo. Nikikubali stika, jambo hili linaishia kwangu.

Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana nilichekecha unga wa mahindi kwenye sinia, pale ukumbini. Bina akanikuta.

"Mama, haya uliyajifunza wapi hasa?"

"Kwa fundi cherehani."

Nikamsimulia yote. Miaka yote hii sikuwa nimemsimulia, wala yeye hakuwa ameuliza. Akakunja zulia lake jipya mwenyewe.

Mjukuu wangu Asha ameanza kutembea juzijuzi. Tulimlowesha miguu, tukamkanyagisha unga, tukamwachia mlangoni. Akaingia vizuri kabisa. Halafu upepo ukapiga mlango, akageuka, akatembea hadi nje, unyayo kwa unyayo.

Bina akashika mdomo. Lakshmi anayetoka, siku ya Diwali!

"Ametembea tu," nikasema. Neno lilitoka kwa Kiswahili, ambacho Bina hakijui, na sikumtafsiria.

Sasa nyumba imetulia, taa zinawaka dirishani. Nyayo bado ziko sakafuni, za kuingia na za kutoka, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Hizi za kutoka nazitazama zaidi. Kama kuna mahali zinakokwenda, napajua.

Najiuliza tu kama barazani kule, leo, kuna mtu ameshika ufagio.