Mke Mwenzangu Amemuuma Daktari wa Meno

Mpendwa mshauri, salamu nyingi za Munje, naomba msaada wako mie bibi mzee, anayeandika ni Fauzia mke wa mwanangu, mie sikusoma, enzi zetu msichana alisomeshwa kupika, na alonisomesha kupika ndiye huyu ninayemlilia, Mbodze, mke mwenzangu mkubwa, siku naolewa alinipokea kwa mchi na kinu, lakini tuyaache hayo, marehemu mume wetu mwenyewe alimwogopa. Sasa Mbodze yuko nyumba ya wazee huko Diani, mwanawe alo Ujerumani ndiye alomweka, miguu haina nguvu, anasukumwa kwa kiti cha magurudumu, na akili imemtoka, mie bado ananiita bibi harusi, na kila siku kwake ni Ramadhani. Ukimpa kitu mchana anasema amefunga. Kula ni magharibi na daku, wauguzi wameshazoea. Basi jino limeoza, shavu limevimba kama ameficha andazi, hata uji sasa akiunywa analia, tukamsukuma mpaka kwa daktari wa meno Ukunda, Mulinge, kijana wa bara, mpole, lakini mlangoni ngazi nne, wanaume watatu wakambeba na kiti chake, naye anawapungia watu mkono kama bibi harusi ndiye yeye. Daktari akasema, "Mama, fungua mdomo kidogo tu." Mbodze akamjibu, "Mwanangu, mchana wote huu, huoni haya?" Wakabishana mpaka kijana akatoka jasho, hapo shetani akanipitia, mshauri, nikamwambia, "Dada, adhana imeshatoka, futuru." Na ilikuwa saa nne asubuhi. Akasema bismillahi, akafungua mdomo, daktari akatia kidole, Mbodze akakiuma akidhani tende. Tena akasema haijaiva. Sasa daktari hamtaki, ati apelekwe Mombasa akalazwe usingizi, na wauguzi wanasema gari la kuchukua kiti hakuna. Je, nimepata dhambi, na jino hili nilipeleke wapi? Fauzia, andika, usicheke.

Mama Sefu, Munje

JIBU

Mama Sefu, shikamoo. Nilicheka, kisha nikarudia pale kwenye shavu na kicheko kikaisha. Ya dhambi kamuulize shehe wenu, ila nijuavyo, aliyetokwa na akili hakuandikiwa saumu. Kosa lako ni jingine: umemwita mtu kufuturu, ukampa kidole. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Na wewe mama, miaka yote mliyokaa nyumba moja, umesahau kwamba mwenye kufunga hupiga mswaki asubuhi? Mfuate kabla ya adhuhuri, maana baada ya hapo mswaki kwa aliyefunga ni makuruhu, atakukatalia, na atakuwa na haki. Chukua mswaki wa mti, msugue wewe mwenyewe, taratibu, bila uongo wowote. Daktari asimame nyuma ya bega lako atazame kwa tochi.

Huyo Mulinge mwombe radhi, kisha umwombe aje yeye Diani. Ngazi zile zapandwa na mwenye miguu. Kiti kifungwe breki, kiegemezwe ukutani, mto shingoni, na wauguzi wamwambie dawa zote anazokunywa Mbodze. Akiona jino haling'oki pale, aandike barua ya hospitali kubwa. Na hao wasemao gari hakuna, waambie wakiangalie kile kiti: vingi hukunjwa, vikaingia gari lolote.

Barua yako imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Ijumaa. Shavu halingoji gazeti. Kama uvimbe umepanda jichoni, au hamezi hata mate, mwambie Fauzia aache kusoma hapa, mwende leo.