Mume Wangu, Soksi na Wezi Watatu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo ikiwa umenizidi umri, na ikiwa hujanizidi naomba tu unisaidie, maana nimebaki kama mtu aliyekwamwa na mwiba kooni. Mume wangu ni fundi makochi na mtaani wanamwita Winchi, kwa sababu kochi la watu watatu analipandisha ghorofani peke yake huku anapiga mluzi, na hilo jina ndilo limetuletea balaa. Mwezi uliopita alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi, mshauri, soksi tu, mara akashika ubavu wa kushoto akasema mama watoto nimechomwa kisu, nikageuka, kisu hakuna, mtu hakuna, ila midomo imempauka na jasho linamtiririka, akijaribu kusimama anaanguka, nikaita teksi huku ubavu unavimba naona kwa macho yangu.

Hospitali wakakuta presha imeshuka, wakamtundikia damu, wakamwingiza kwenye mashine ya picha, wakasema damu imevuja ndani ikaizunguka figo. Daktari, dada mmoja mpole, akamuuliza, "Uligongwa na gari? Ulianguka? Nani amekupiga?" Mimi ndiyo nafungua mdomo niseme ni soksi, Winchi akanibana kidole akasema kwa sauti ya kukata roho, "Wezi, daktari. Walikuwa watatu."

Daktari akamkagua akasema, "Mbona huna hata mchubuko?" Akajibu, "Nina ngozi ngumu." Basi wakampitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi kwenye figo, wakauziba mshipa uliokuwa unavuja, damu ikakata, namshukuru Mungu. Siku ya kuondoka daktari akasema kwa kuwa ni kipigo, apumzike, asibebe mizigo, maumivu yakirudi aje, lakini kama damu ingevuja yenyewe tu hivi hivi, angetaka arudi apigwe picha nyingine kutafuta kilichojificha. Mshauri, ilivuja yenyewe tu hivi hivi.

Sasa nyumbani hakukaliki kwa wageni. Katika masimulizi yao wezi sasa wamefika watano na mmoja ana nondo, mama mkwe anasimulia utadhani alikuwepo, na wanaume wa mtaa wamemchagua mume wangu mkuu wa ulinzi. Nikimwambia turudi tukaseme kweli ananijibu, "Unataka wateja wasikie Winchi kaangushwa na soksi? Ukisema, nahamia kwa dada yangu." Nami nampenda, mshauri, nalala nimemwekea mkono ubavuni nipime kama unavimba tena, na naogopa sana. Nimtunzie siri yake au nimwaibishe?

Mke wa Winchi

*

Mke wa Winchi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Pole kwa kuuguza, na pole yangu inaishia hapo. Ulibanwa kidole ukafunga mdomo. Kidole na mdomo vinahusiana wapi?

Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari ninayemwamini. Damu kuvuja kuzunguka figo bila mtu kupigwa ni jambo la nadra, na halitokei bure. Mara nyingi kuna uvimbe kwenye figo, na uvimbe huo waweza kuwa wa kawaida au ukawa saratani, au kuna mshipa wenye kasoro, au mtu anameza dawa za kuzuia damu isigande. Damu iliyoganda huweza kuuficha uvimbe, ndiyo maana picha hurudiwa damu ikishapungua. Daktari wenu hakutafuta kwa sababu aliambiwa jibu. Kuziba mshipa kulimwokoa mumeo, lakini hakuna aliyejua kwa nini ulipasuka, na mpaka leo hakuna anayejua.

Aibu gani? Soksi haikumwangusha, ameangushwa na ugonjwa, na ugonjwa hauulizi mtu anabeba makochi mangapi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wateja watakuja msibani vilevile. Anatishia kuhamia kwa dada yake? Mfungie begi, ila begi lipitie hospitali kwanza.

Kesho nendeni kwa daktari yuleyule. Akigoma, nenda peke yako, umwambie: "Hakupigwa na mtu, alikuwa anavaa soksi." Usipambe. Mtajie kila dawa anayomeza, hata zile za kununua dukani. Ubavu ukiuma ghafla, au akiona kizunguzungu, au mkojo ukiwa na damu, msingoje miadi, kimbieni. Na hicho cheo cha ulinzi akirudishe leo, kabla majirani hawajampiga mpita njia kwa ajili ya nondo ambayo haipo.

Mkiingia kwa daktari, kaa na mumeo humo ndani mpaka umwone daktari anafuta neno "kipigo" kwenye faili. Akianza tena habari za wezi, mkanyage mguu kwa nguvu. Hapo atakuwa ameumizwa na mtu kweli, na daktari mwenyewe atakuwa shahidi.