Mkwe Ambaye Hukumuona Akikata Chambo

Baba,

Salamu ya makaburini nilikupa Ijumaa, nilipovuka kuja kisiwani kwetu Makoongwe. Lakini pale nilikuwa na shemeji Haji, na haya niliyonayo si ya kusemwa mbele ya mtu. Kwa hiyo nimerudi Wete, nimefunga kibanda changu cha cherehani mapema, nimekaa kukuandikia. Najua ungecheka. Fundi wa nguo anamwandikia barua mvuvi ambaye hata alipokuwa hai barua alikuwa akisomewa.

Naanza na kosa langu, maana limenikaa kifuani mwaka wa pili huu. Siku ya maziko yako Zuhura alipiga simu kutoka Uingereza. Alikuwa analia hata maneno hayatoki, na alipoweza kusema aliuliza jambo moja tu: babu kaniridhia? Nami nikamjibu, kakuridhia mwanangu, wewe na mumeo. Nikakusemea, Baba. Neno hilo hukulisema. Ulilolisema, mpaka wiki yako ya mwisho, ni hili: "Yuno mkwe sikumuona akikata chambo."

Waliosikia walicheka, wakadhani ni masihara ya mzee. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakujua.

Kwako wewe mwanamume hakuwa mtu mpaka akate chambo. Kila aliyekuja kuposa dada zangu ulimteremsha pwani, ukampa kisu na ngisi, ukakaa pembeni umekunja miguu kama huna haja naye. Haji alikata vipande vizuri tu, virefu, vyembamba. Ukamwambia, "Siyo. Rudia." Akarudia. "Siyo." Mara tano, mpaka yule ngisi akaisha mikononi mwake. Ukapanda nyumbani ukamwambia Mama atie mchele jikoni, mkwe kapatikana. Na yule aliyemtangulia Haji, yule aliyekujibu kuwa samaki hatazami kama kipande kimepinda, ulimshukuru kwa adabu zote, ukamtafutia mtu wa kumvusha arudi kwao. Posa ikaishia hapo. Miaka yote hiyo nilidhani ulikuwa ukitazama kisu.

Sasa Zuhura akaenda kusoma ng'ambo, akachumbiwa huko huko na Yusuf, Mwingereza aliyesilimu. Nikaah ilisomwa kwao, mimi walii nikatoa idhini kwa simu, ndugu wote wamejazana ukumbini wananyoosha shingo kuona kioo kisichozidi kiganja. Wewe ulikaa barazani umetupa mgongo. Pilau ulikula. Radhi hukutoa.

Ndipo mwaka huu Yusuf akaniletea ujumbe, kwa Kiswahili chake cha vitabuni: "Baba, njoo likizo kwetu. Tutakaa wiki moja kuvua samaki wa maji baridi. Zuhura anasema wewe ni fundi wa chambo, kama babu." Nikausoma mara tatu. Fundi wa chambo! Mimi, ambaye ulikuwa ukiniambia, "Weye sindano, miye ndoana, na iliyonyooka haivui kitu." Kumbe mtoto kanivisha kanzu yako huko, watu wote wanajua baba yake ni bingwa.

Lakini sikukataa. Nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu, hata mama Zuhura. Nilitaka kwenda kumuona akikata chambo.

Basi nikaanza kujitayarisha, na hapa ucheke kabisa maana hata mimi nacheka. Maji baridi. Nikajiuliza, samaki wa baharini kule kwenye baridi anataka nini? Nikajijibu mwenyewe: anataka mafuta, kama sisi tunavyotaka supu wakati wa mvua. Nikanunua ngisi, nikamkata vile nilivyokuona ukikata, nikamtia chumvi, nikamroweka ndani ya mafuta ya papa siku nne. Nyumba nzima ilinuka. Wateja walikuwa wakisimama nje ya kibanda wananinyooshea vitambaa kwa mbali. Mama Zuhura akaniambia, "Kama hicho nacho chapanda ndege, miye sikusindikizi."

Nilipomuonesha Zuhura kwenye simu, nikiwa nimejaa fahari, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Baba, maji baridi ni maji ya ziwa, maji ya mto, maji yasiyo na chumvi!"

Kwetu Makoongwe tumekua na maji ya namna mbili, ya chumvi na ya kunywa. Nani kati yetu aliwahi kufikiri samaki anaweza kukaa kwenye maji ya kunywa akanenepa? Mkwe Mzungu kasema Kiswahili sahihi, na mimi niliyezaliwa nacho ndiye niliyepotea. Ngisi wangu alikwenda kwa paka wa sokoni, na paka wenyewe walifikiri kwanza.

Nikaanza upya. Zuhura alinieleza kuwa huko chambo ni nyungunyungu, punje za mahindi, na donge la unga. Nyungunyungu nilijifunzia bondeni, kwenye kijito kinachopita kando ya mpunga, namchoma ndoana pasipo kumuua ili acheze majini. Kina mama waliokuwa wakipalilia wakaniuliza, "Fundi, wavua vyura weye?" Nikawajibu kuwa nasoma. Donge nililifanyia nyumbani: unga wa ngano, tui la nazi, na bizari ya manjano nyingi ili samaki alione na alinuse. Nililitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kisima, nikashona suruali nzima ya mteja, nikarudi nikalikuta limeshika vilevile. Nikasema alhamdulillahi, mtihani nimeupita. Vidole vyangu vilikuwa vya manjano mpaka nikapanda navyo ndege.

Baba, Yusuf ni mrefu, mkimya, na masikio yake yanakuwa mekundu akisalimiwa. Alipanga nyumba ya mbao kando ya ziwa. Siku ya kwanza alinifungulia sanduku lake la chambo na mimi nikatazama kwa hamu niliyokuja nayo kutoka Pemba. Nyungunyungu wamo kwenye udongo. Mabuu yaliyotiwa rangi nyekundu, ambayo wallahi yanalala kwenye friji karibu na maziwa. Mahindi ya kopo. Unga wa donge lake. Nikatafuta cha kukata. Hakuna. Ziwa zima lile halina chambo cha kukatwa! Nimepita bahari na nchi, na kisu hakina kazi.

Nikaamua nifanye kama wewe kwa hicho nilichokikuta. Alipokanda donge lake nililibonyeza kwa kidole, nikasema, "Siyo. Rudia." Akanitazama, akarudia. "Siyo." Akarudia tena. Mara ya nne Zuhura akanikodolea macho kutoka dirishani. Yusuf akaniuliza kwa upole, "Nizidishe maji, Baba?" Hapo nikakwama, maana sikujua kama azidishe au apunguze. Nikamwambia azidishe kidogo.

Hakukasirika. Lakini sikuridhika, nakwambia kweli. Siku ya kwanza kila mkwe ni malaika.

Tukaingia kazini. Sisi mshipi tunautupa kwa mkono, wao wana ufito mrefu na kigurudumu, unaupeleka nyuma kisha mbele kwa nguvu. Na hapo ndipo donge langu lilipoonesha tabia yake. Kwenye ndoo lilishika, lakini nikiutupa ule ufito lenyewe linachomoka, linaruka peke yake kama jiwe, ndoana inabaki inaning'inia tupu. Siku nzima hiyo. Siku ya pili nayo. Nimelisha bata wa ziwa lile bizari yetu. Na nyuma yangu Zuhura kaweka kiti, ana chai, ana simu tayari ya kupiga picha, anawaambia wavuvi wa jirani kuwa baba yake kajifunza kwa mzee mwenye jina kisiwa kizima. Nilikuwa natamani ardhi inimeze. Si kwa ajili yangu, Baba. Niliona uso wake unavyoanza kupunguza tabasamu, anajitahidi nisione, na mimi naona.

Siku ya tatu niliingia ndani kusali adhuhuri. Nikarudi, nikakaa, nikafungua kopo langu la madonge bila kulitazama sana, nikachukua donge, nikatupa. Likashika. Likatua mbali, pale nilipolitaka. Kabla sijameza mate boya likazama.

Baba, samaki! Mpana kama sinia, magamba ya rangi ya shaba, anavuta mpaka nikasimama. Yusuf akaja na wavu akampokea. Zuhura anapiga kelele, kiti kimeanguka, chai imemwagika, hata picha kasahau kupiga. Na Yusuf akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Donge la Pemba hilo!" Kisha akalowesha mikono, akamtoa ndoana taratibu, akamrudisha ziwani. Wenyewe hawamli, ndiyo sheria ya pale. Nilishika kichwa. Samaki wa siku tatu!

Walipokuwa wanacheka nilikaa chini nifungue kopo nichukue jingine. Ndipo nilipoona. Donge lililokuwemo lilikuwa jeupe. Jeupe pee, kama ukuta uliopigwa chokaa. Langu lilikuwa la manjano mpaka kucha zangu. Nikageuka nikaona ndoo ya chakula wanachowatupia samaki ili wajikusanye, na ndani yake donge langu la manjano lililobaki limechanganywa lote, halikutupwa hata punje. Yusuf alikuwa amenipa mgongo anasuuza wavu. Masikio mekundu.

Alinibadilishia nilipokuwa kwenye sala. Hakunong'ona, hakunikonyeza, hakunipa hata nafasi ya kumshukuru. Tulipokaa kula Zuhura akaniuliza siri ya donge langu ni nini. Kabla sijafungua kinywa mkwe wako akamjibu kwa Kiswahili chake, "Siri ya fundi haiulizwi." Akanisogezea mkate.

Nikajua ulikuwa ukitazama nini pale pwani miaka yote ile. Hukuwa ukitazama kisu. Vipande vya Haji vilikuwa sawa tangu cha kwanza, sivyo? Ulikuwa ukitaka kujua mtu anafanya nini aibu inapoingia kati yake na mwenzake. Haji aliivumilia ya kwake. Huyu kaifunika ya kwangu, mbele ya binti yangu, na hakutaka hata mimi nijue. Mtu wa sitara, Baba. Na anayemsitiri mkwewe kwa kitu kidogo kama donge la unga, mtoto wetu akimkosea kwa kubwa atamsitiri pia. Nilimaliza kula nikaenda kando ya maji nikavuta pumzi, na ikashuka mpaka chini. Ilikuwa haishuki hivyo tangu siku ya maziko.

Kabla ya kuondoka nilimwita Zuhura tukakaa wawili. Nikamwambia kweli yote. Kwamba siku ile nilikusemea, kwamba babu yake hakutoa radhi, kwamba nilimuonea huruma nikatumia jina la maiti ambaye hata udongo wa kaburi lake haujakauka. Nilitazamia alie. Alinishika mkono akasema, "Nilijua, Baba. Babu hasemi 'kakuridhia.' Babu angesema, 'Mlete nimuone.'"

Kumbe alijua! Miaka miwili alinisitiri na yeye, anasubiri tu mtu aje amuone mumewe kwa macho yako. Ndiyo maana ya likizo ile, ndiyo maana ya ufundi wa chambo alionivisha. Na mimi nilidhani ndiye niliyekwenda kwa siri.

Nikamwambia: nimemuona. Wallahi nimemuona, na babu yako kakuridhia. Hapo ndipo alipolia, Baba, na mimi nikalia naye, na Yusuf akapita na ndoo akajifanya hatuoni.

Kama nimekosea kuitoa radhi kwa jina lako, kosa langu, nisamehe tutakapokutana. Lakini sidhani nimekosea. Wanakuja wote wawili Sikukuu Kubwa, inshaallah, na nitawavusha Makoongwe wakusomee Fatiha. Nimekwambia mapema usije ukashtuka kusikia lafudhi yake. Na nakuahidi jambo hili kama mtoto kwa mzee wake: sitakusemea tena. Ulilolisema nitasema ulilisema, na ambalo hukulisema nitalinyamazia, hata nikililiwa.

Mungu akupe nuru huko uliko, akupanulie, akukutanishe na Mama. Pumzika sasa, wala usitupe tena mgongo. Mjukuu wako yuko kwa watu.

Mwanao,
Hamad