Kifurushi na Salamu za Njiani

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mapaja hayo tusiyazungumze. Goti lako linaendeleaje? Unalipaka dawa au unaitazama tu chupa?

Jumapili nimeshiriki mashindano yangu ya kwanza, na hasira hazijaniisha mpaka leo. Nilikwambia kwamba kocha ametuazima baiskeli za klabu kwa sharti: mashindano matatu, na asiyemaliza pamoja na kundi walau mara moja kati ya hayo anarudisha baiskeli, inapewa mwingine. Mpiga pasi wa mashuka ya hoteli kama mimi, baiskeli kama ile nitaipata wapi tena?

Basi nikatoka mbele tangu filimbi. Kilomita thelathini niko mbele, wanawake kumi na tisa wananifuata kimya, nami najiona bingwa. Kumbe wamejikinga upepo mgongoni kwangu! Zilipobaki kilomita kumi wakanipita mmoja mmoja, na wa mwisho akaniambia, "Asante dada, umetubeba." Eti asante! Nilifika wakati watu wanakunja viti.

Nimejifunza. Kukaa mbele si kuongoza, ni kuwa ukuta wa wenzako.

Mwanao,
Kifurushi

17 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, na dawa imeisha, kwa hiyo usiniulize tena. Unakula? Unalala?

Barua yako nimeisoma mara mbili na sijaona penye kukasirisha. Umewakinga watu upepo, wamekushukuru, halafu unanuna? Mimi nimepeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na moja, na sijawahi kumnunia mtu aliyeniambia asante. Wewe mwenyewe nilikubeba kwenye kerieri pamoja na mizigo ya posta hadi watu wakakuita Kifurushi, na hatukupita nyumba hata moja bila wewe kupunga mkono. Siku hizo ulikuwa na adabu.

Halafu hiyo picha uliyonitumia. Baiskeli haina kerieri, haina madigadi, haina hata kengele! Unawapitaje watu bila kengele? Nakutumia yangu ya kazini. Ifunge. Na usimpite mtu bila salamu, hata uwe unakimbilia nini.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakula, nalala. Mimi mzima, isipokuwa kiwiko cha kulia na heshima yangu.

Kengele niliifunga, kwa ajili yako tu. Ililia yenyewe kila penye shimo, na sasa klabu nzima wananiita Posta. Hilo nimelimeza. Lisilomezeka ni hili.

Safari hii nilikaa katikati ya kundi kama kocha alivyonifundisha, nimejibanza, situmii nguvu. Zimebaki kilomita kumi na mbili, miguu ina nguvu, moyo umetulia. Tukapita duka la vipuri, nje wamekaa wazee, mmoja akaita, "Hujambo, binti!" Baba, mkono ulinyanyuka wenyewe. "Sijambo, shikamoo!" Mkono mmoja hewani, shimo mbele, nikaenda chini na kuwaangusha wengine wawili.

Kocha akaniuliza, "Ulikuwa unamsalimia nani?" Nikamwambia simjui. Akakaa ukingoni mwa barabara akashika kichwa.

Nimebakiwa na shindano moja. Kengele nakurudishia, imo humu kwenye bahasha. Na tafadhali usiniandikie tena habari za adabu. Adabu yako ndiyo iliyoniangusha.

Mwanao

23 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana hii ni barua ya tatu tangu ile ya kengele, na zile mbili hukuzijibu. Simu hutaki, unasema mtu aliyelishwa na posta anaandika. Basi andika! Jirani yako mshona viatu ameniambia u mzima na unakula vizuri, kwa hiyo najua kinachokuziba mdomo ni hasira. Nilivuka mpaka, nisamehe. Lakini na wewe umezidi.

Jumapili ndiyo ilikuwa ile siku ya shindano la mwisho niliyokuandikia, na njia yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Nilijiapiza: simsalimii mtu, simtazami mtu, natazama gurudumu la aliye mbele yangu basi. Nilipita watu wakishangilia, wakiita, mtoto mmoja akilia kabisa, nami kimya. Kwenye mteremko wa mwisho alisimama mzee mmoja anapiga kengele ya baiskeli kwa fujo, kriing kriing, kama anaita watu mkutanoni. Alinikera, sikwambii! Nikasema moyoni, huyu naye hana kazi. Sikugeuka.

Nimemaliza na kundi, Baba. Wa kumi na moja. Baiskeli inabaki kwangu msimu mzima. Wenzangu walirukaruka, mimi nikaenda nyuma ya gari la kocha nikalia, kwa sababu mtu niliyetaka anione hakuwepo.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Kifurushi

30 Aprili

Kifurushi,

Leo sianzi na salamu, na goti langu halikuhusu.

Huyo mzee asiye na kazi ni mimi.

Nilikuja kwa basi la alfajiri kukuonyesha kwamba mtu anaweza kukimbia na akasalimia. Ndivyo nilivyokusudia, nisikudanganye. Nilijichagulia mteremko wa mwisho, nikatoa kengele, nikasema akiisikia hii atageuka tu, ni damu yangu. Nikapiga hadi kidole gumba kikavimba. Ukanipita karibu hivi, ningeweza kukushika bega, na hukugeuza hata jicho. Mwanamke mmoja kando yangu akaniuliza kama namjua yule mwenye soksi za njano. Nikamwambia, "Ni mwanangu. Ameniona, ila yuko kazini." Nilidanganya nusu.

Sikukungoja ulipomaliza. Niliona haya, nikapanda basi la kurudi.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Bosi wangu posta aliniandikia barua tatu za onyo kwa kuchelewa, zote kwa sababu ya kusimamasimama nasalimia. Kulikuwa na mama mmoja akisubiri barua ya mwanawe kila siku getini, nami nasimama nyumba tano kabla yake naulizana habari za kuku. Adabu gani hiyo? Nimelifikiria njia nzima kwenye basi, na mpaka sasa linanikera.

Kengele nabaki nayo. Mashindano yajayo niandikie ni mteremko gani, nitasimama hapohapo nipige. Wewe usigeuke.

Ukishamaliza, rudi unisalimie. Nitakungoja.

Baba yako